Somo: Jinsi ya kusoma ahadi za Biblia, tukianza na Yeremia 29:11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mstari huu mnaujua kwa moyo: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Uko kwenye kadi za mahafali, kwenye kalenda za makanisa, hata nyuma ya daladala. Ni neno la kweli, na sina nia ya kumpokonya mtu yeyote. Lakini wengi tumeuchomoa kwenye barua uliyomo, ile nabii Yeremia aliyowaandikia mateka wa Yuda huko Babeli, tukaufanya ahadi kwamba mambo yatanyooka karibuni. Yasiponyooka, mtu anaanza kumshuku Mungu. Nimekaa na wapendwa waliofika hapo, na inaniuma, kwa sababu Mungu wanayemlaumu hakuwahi kuwaahidi walichokidai.

Chukua Biblia yako, twende hatua kwa hatua. Hatua hizi zitakufaa kwa andiko lolote.

Hatua ya 1: Soma kilicho kabla na kilicho baada

Soma Yeremia sura ya 27, 28 na 29 kwa kikao kimoja, na kwa sauti kama unaweza. Sura na namba za mistari hazikuwamo katika maandiko ya awali. Sura tunazotumia leo zilipangwa katika karne ya 13, na namba za mistari zilienea kupitia matoleo ya mchapaji Mfaransa Robert Estienne katikati ya karne ya 16. Zinatusaidia kutafuta andiko, lakini hazituambii wazo linaanzia wapi na kuishia wapi.

Hatua ya 2: Nani anasema, na nani, lini

Majibu yako katika 29:1–3. Yeremia yuko Yerusalemu. Anawaandikia wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliwachukua mateka hadi Babeli pamoja na mfalme Yekonia wa Yuda (ndiye Yehoyakini), mwaka 597 kabla ya Kristo. Barua ilibebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia, aliyewekwa mahali pa Yekonia.

Fungua pia 2 Wafalme 24 uone waliochukuliwa: wakuu, mashujaa, mafundi, wahunzi. Waliobaki nyumbani ni wanyonge wa nchi. Jambo hili linathibitishwa hata nje ya Biblia, kwa maana vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vinamtaja mfalme huyo wa Yuda pamoja na wanawe watano wakipewa mgao wa mafuta. Watu walioandikiwa mstari wa 11 walikuwa mateka halisi. Walipokonywa nyumba, hekalu na nchi.

Hatua ya 3: Barua ilijibu tatizo gani

Hapa msipite haraka, maana ndipo ufunguo ulipo.

Rudi sura ya 28. Mwaka wa nne wa Sedekia, nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwa jina la Bwana kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Kisha akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia (Bwana alimwagiza aivae, iwe ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, sura ya 27), akaivunja. Fikiria furaha ya watu waliokuwa na ndugu zao Babeli!

Angalia Yeremia alivyojibu. Alisema "Amina". Naye alitamani iwe hivyo. Hanania alipoivunja nira, Yeremia hakubishana, alienda zake. Baadaye Bwana akampa neno: nira ya mti imevunjwa, mahali pake itakuwa ya chuma. Akamwambia Hanania kwamba mwaka huohuo atakufa, naye akafa mwezi wa saba, miezi miwili tu baada ya unabii wake.

Hata Babeli kwenyewe walikuwapo manabii wa namna hiyo (29:8–9, 21). Barua ya Yeremia inasimama kinyume nao wote: jengeni nyumba, mkakae, kapandeni bustani, mkale matunda yake, oeni, mkazae, na watoto wenu wakaoe, mkautakie amani mji ule mlio mateka ndani yake na kuuombea. Kisha mstari wa 10: Babeli utakapotimiziwa miaka sabini, nitawajilia.

Sasa soma mstari wa 11 ukiwa umetoka kusoma wa 10. Mtu mwenye miaka arobaini aliyeisikia barua hiyo alielewa kwamba atazikwa Babeli. Na ni mtu huyohuyo aliyeambiwa kwamba Mungu anamwazia mawazo ya amani. Hanania alihubiri tumaini la miaka miwili, Yeremia alihubiri tumaini la miaka sabini, na Mungu alikuwa katika hilo la pili. Ndiyo sababu naogopa tunapoyachukua maneno ya Yeremia na kuyahubiri kwa maana ya Hanania.

Hatua ya 4: Tenganisha amri, ahadi na hukumu

Mistari ya 5–7 ni amri. Ya 10–14 ni ahadi. Ya 21–23 ni hukumu juu ya watu waliotajwa kwa majina. Usigeuze amri kuwa ahadi, wala ahadi kuwa amri.

Hatua ya 5: Lifuate neno hilo mbele

Biblia hujieleza yenyewe. Katika Danieli 9:2, Danieli, ambaye sasa ni mzee, anasoma vitabu na kuona hesabu ya miaka sabini ya Yeremia. Anafanya nini? Anafunga, anavaa gunia, anakiri dhambi zake na za watu wake. Ahadi ilimpeleka magotini, kama 29:12–13 ilivyosema: "Nanyi mtanitafuta, na kuniona, mtakaponitafuta kwa moyo wenu wote." Kisha Ezra 1:1 inasema Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu watu kurudi ili neno la Bwana kwa kinywa cha Yeremia litimizwe.

Lakini hata waliporudi hawakuwa na mfalme wao, na wazee walioliona hekalu la kwanza walilia msingi mpya ulipowekwa (Ezra 3:12). Tumaini lilikuwa bado linangoja. Petro anawaandikia Wakristo kama watu wa utawanyiko, "wapitaji na wasafiri", na Paulo anasema ahadi zote za Mungu zilizopo katika Kristo ni Ndiyo (2 Wakorintho 1:20). Kwa njia hiyo mstari huu unatufikia sisi: kupitia Kristo, tukiwa wageni tunaongoja mji.

Hatua ya 6: Ndipo uulize, "Unanihusuje?"

Swali hili huwa tunaanza nalo. Liache liwe la mwisho. Utaona kwamba jibu limekuwa zito zaidi: mahali nilipo, hata kama sipapendi, nipande, nifanye kazi, niwaombee majirani na mji wangu mema, nikijua kwamba mwisho wangu uko mikononi mwa Mungu.

MASWALI YA WASHIRIKA

Mwalimu, ina maana nisiuandike tena kwenye kadi ya binti yangu anayemaliza kidato cha nne?

Uandike, mama. Ila ongeza mstari wa 7 na wa 13, na siku moja kaa naye umsimulie barua nzima. Akikosa nafasi aliyoitamani, hatadhani Mungu amemwacha.

Shalom mtumishi. Mhubiri mmoja alitufundisha kwamba "jengeni nyumba" ni ahadi ya kiwanja kwa kila atakayetoa sadaka ya mbegu. Ni sawa?

Si sawa. Hiyo ni amri waliyopewa mateka wakubali kukaa ugenini. Hakuna sadaka iliyotajwa katika barua ile. Fanyeni kama watu wa Beroya (Matendo 17:11): waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo waliyohubiriwa na Paulo ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo.

Roho Mtakatifu si ndiye mwalimu? Mbona mnatupeleka kwenye historia?

Ndiye mwalimu, na ndiye aliyehakikisha kwamba majina ya Elasa na Gemaria yameandikwa humo. Filipo alitumwa na Roho kwenye gari la Mkushi aliyekuwa akisoma Isaya (Matendo 8), na la kwanza alilofanya ni kuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Omba kwanza, kisha soma kwa bidii. Havigombani.

Mtoto wangu aliugua, nikaushika mstari huu usiku na mchana, akafariki. Nimeambiwa imani yangu ilikuwa ndogo. Je, Mungu alinidanganya?

Pole sana, dada yangu. Hapana, hakukudanganya. Aliyekuambia imani yako ilikuwa ndogo alikutwisha mzigo ambao Maandiko hayakukutwisha. Barua ile haikuahidi kwamba hakuna atakayefiwa. Wazazi walizika watoto Babeli, watoto wakazika wazazi, na hao ndio Mungu aliosema anawawazia amani. Waebrania 11:13 inasema juu ya kina Abrahamu na Sara kwamba hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali. Hawakuhesabiwa kuwa wenye imani ndogo.

Wala huna haja ya kujikaza mbele za Mungu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado ni sala. Soma hiyo kwanza. Ufunuo 21:4 itakungoja mpaka uwe tayari kuisoma.

Sina vitabu vya ufafanuzi, nina Biblia ya simu tu. Nitafanyaje?

Inatosha kuanzia. Soma andiko katika tafsiri mbili, kwa mfano Union Version na Habari Njema. Fuata marejeo yaliyowekwa kwenye mistari. Ukipata Itifaki ya Biblia, itakusaidia kuona jina au neno limetajwa wapi kwingine. Kisha usisome peke yako siku zote. Mzee wa kanisa au mama aliyesoma Biblia miaka mingi ataona usichokiona.

Tuendelee na andiko gani?

Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Soma waraka wote, ni sura nne tu. Niandikieni majibu ya maswali matatu: Paulo alikuwa katika hali gani alipoandika (anzeni na 1:13)? Waraka ulimfikia nani? Na "mambo yote" ni yapi, kwa kuangalia mistari ya 11 na 12?