Jinsi ya kupata nafasi ya utafiti baada ya uzamivu Ujerumani

Anza kutafuta miezi 12 kabla ya kutetea tasnifu, usingoje kuvishwa joho. Nafasi hizi katika sayansi ni za namna mbili: inayolipwa na mradi wa maabara, ambayo hutangazwa kama kazi nyingine, na ile unayoipata kwa kushinda ufadhili wako mwenyewe.

Za kutangazwa ziko kwenye tovuti za ajira za EURAXESS, academics.de na Nature Careers, na kwenye tovuti za taasisi za utafiti za Max Planck na Helmholtz. Zipitie mara moja kwa wiki, yatosha. Kazi yenyewe ni kuwatafuta wakuu wa maabara kabla hawajatangaza.

Chukua makala 10 ulizozitegemea zaidi kwenye tasnifu. Katika biolojia na kemia, jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi kwa kawaida ni la mkuu wa maabara. Litafute kwenye GEPRIS, hifadhidata ya miradi ya DFG (shirika la Ujerumani la kufadhili utafiti), au CORDIS ya Umoja wa Ulaya. CORDIS huonyesha mradi ulianza lini na unakwisha lini. Mwenye ruzuku ya ERC (Baraza la Utafiti la Ulaya) ya miaka 5 iliyoanza mwaka huu ana fedha za kuajiri. Aliyebakiza miezi minane na hana mradi mwingine hana, hata akikusifu vipi.

Kisha mwandikie, maneno 200 hivi. Sentensi ya kwanza itaje makala yake na swali ambalo halijajibiwa. Inayofuata itaje ufundi wako waziwazi: badala ya "nina uzoefu wa maabara", andika "nimepima viuatilifu kwenye maji ya kisima kwa LC-MS/MS, na data nimeichambua kwa R" (yaani mbinu ya kupima kemikali na programu ya takwimu). Ambatisha wasifu wa kurasa 2 katika PDF. Barua isiyo na jina la mpokeaji, inayoomba "nafasi yoyote", haifiki mbali. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki 2, kisha achana naye.

Akikubali kukupokea lakini hana fedha, ombeni ufadhili pamoja. Ule wa Humboldt, wakfu wa Ujerumani, ni kwa walio ndani ya miaka 4 tangu uzamivu, na hudumu miezi 6 hadi 24. Ule wa Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida hufungwa Septemba na majibu hutoka mwaka unaofuata, kwa hiyo mpate mwenyeji kabla ya Juni.

Wengi hukwama kwenye sharti la makazi. Marie Curie haimpokei aliyeishi nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Humboldt nayo ina sharti lake la namna hiyo. Aliyemaliza uzamivu Ujerumani juzi, basi, atafute mwenyeji Uholanzi au Sweden, au aombe kazi ya kutangazwa, ambayo haina kizuizi hicho.

Wadhamini watatu, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, waarifu mapema, na waajiri wape anwani zao za barua pepe za chuo. Mifumo ya maombi huwatumia wadhamini kiungo moja kwa moja, nacho mara nyingi huishia kwenye barua taka. Cheti kikichelewa, omba msajili barua ya kuthibitisha umetimiza masharti yote ya shahada.

Kwenye usaili uliza mkataba ni wa muda gani, na kama ni ajira ya daraja E13 (ngazi ya mishahara ya umma Ujerumani) au posho. Ajira huja na bima ya afya na pensheni. Kwenye posho, mara nyingi bima ni juu yako. Omba pia kuzungumza na wanamaabara bila mkuu wao kuwepo.