Namna ya Kuchunguza Ushindani katika Soko lenye Pande Nyingi: Mfano wa Pesa kwa Simu

Kabla hujagusa bei, zihesabu pande za soko. Katika huduma ya pesa kwa simu yupo anayetuma, anayepokea, wakala aliyeweka floti yake, yaani akiba ya pesa ya kuhudumia wateja, na mwenye duka anayelipwa kwa simu. Kila mmoja huuthamini mtandao kwa kadiri wenzake walivyo wengi humo, na ndiyo maana kampuni huweza kumhudumia mmoja bure na kumtoza mwingine ada nzito bila nia yoyote mbaya. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya American Express, iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba pande zote mbili za soko la kadi za malipo, wenye kadi na wenye maduka, zitazamwe kwa pamoja. Kanuni hiyo ina busara, ingawa kwa maoni yangu iliwatwika walalamikaji mzigo mzito mno wa ushahidi.

Kisha chunguza kinachomzuia mteja au wakala kuhama, kwani ukubwa wenyewe si kosa: M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007, ilikua kwa kuwa kila aliyejiunga alimvuta mwenzake. Soma mikataba ya mawakala neno kwa neno, maana kizuizi hujificha humo kuliko katika orodha ya ada. Nchini Kenya, sharti lililomfunga wakala wa M-Pesa asihudumie mtandao mwingine liliondolewa mwaka 2014, baada ya Mamlaka ya Ushindani kuingilia kati.

Hata hivyo, kibanda kimoja chenye mabango ya mitandao mitatu hakisaidii sana iwapo pesa zenyewe hazivuki kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Tanzania, kampuni za simu zilianza kuunganisha mifumo yao mwaka 2014 kwa makubaliano, Vodacom ikajiunga 2016. Kenya ilifuata 2018. Usiridhike kusikia kwamba muunganisho upo: linganisha ada ya kutuma ndani ya mtandao na ya kutuma nje, na uulize miamala mingapi hukwama njiani.

Kupanga bei kwa amri kuje mwisho kabisa. Ada ya mtumaji ikishushwa, kampuni inaweza kufidia kwa kupunguza kamisheni ya wakala. Naye akifunga kibanda, mkazi wa kijijini ndiye atakayetembea mbali kutafuta pa kutolea pesa.