Kabla hujaipinga bima iliyokataa kulipa gari lako lililoibwa

Kabla hujabishana na kampuni ya bima, hakikisha una barua mkononi. Simu ya afisa wa madai haitoshi, wala ujumbe wa wakala kwenye WhatsApp kwamba "mambo yamekwama Nairobi". Dai barua rasmi inayotaja kifungu cha mkataba walichokitumia kukukatalia. Watu hapa Mombasa huingia ofisini wakaeleza jinsi walivyolipa bima miaka nenda miaka rudi, na jinsi gari lilivyokuwa tegemeo la nyumba nzima. Ni kweli tupu, na inauma, lakini haijibu sababu iliyoandikwa. Barua ikisema ulichelewa kuripoti, shughuli yako ni saa na tarehe. Ikisema gari la binafsi lilikuwa likibeba abiria kwa malipo, hiyo ni shughuli nyingine kabisa.

Isome barua hiyo huku mkataba wenyewe uko kando yake. Cheti ulichopewa kinaonyesha tu kwamba una bima inayotakiwa barabarani kwa Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Masharti ya wizi yako kwenye mkataba na karatasi iliyoambatanishwa, yenye jina lako, thamani ya gari, sharti la traka (kifaa kinachoonyesha gari liko wapi) na eksesi, yaani ile sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe. Kama hukuwahi kupewa, iombe kwa maandishi. Omba pia nakala ya fomu uliyojaza ulipoomba bima. Mara nyingi wakala ndiye aliyeijaza, wewe ukatia sahihi tu, na fomu hiyo hiyo ndiyo itakayotolewa ukidaiwa kwamba ulificha jambo. Na kama bima yako ni ya mtu wa tatu peke yake, isiyotaja moto na wizi, gari lililoibwa halilipwi. Afadhali ulijue hilo kabla hujatoa hela ya wakili.

Ninalolipa uzito kuliko yote ni saa. Tuseme uliegesha Kongowea saa moja usiku. Saa tatu ukatoka, gari halipo. Ukauliza walinzi, ukazunguka mitaa miwili, ukampigia kaka yako, mkafika kituo cha polisi cha Nyali saa tano. OB, yaani taarifa yako kwenye kitabu cha matukio cha polisi, ikaandikwa saa tano na nusu. Kesho yake, kwenye fomu ya madai, ukaandika "liliibwa mwendo wa saa tano". Mpelelezi wa bima alipokuja, ukamwambia "baada ya Isha". Hujasema uongo hata kidogo, lakini kwa anayetafuta sababu ya kukataa, hayo ni maelezo matatu yanayopingana. Kwa hiyo kaa na karatasi moja uandike kwa mpangilio: saa uliyoegesha, saa uliyogundua, saa uliyoripoti na nambari ya OB, saa uliyoijulisha bima na kwa njia gani. Kila mstari uuwekee ushahidi wake, kama orodha ya simu ulizopiga, risiti ya M-Pesa ya mafuta, au ripoti ya traka. Palipo na tofauti, ieleze mwenyewe kabla hujaulizwa. Usibadilishe tarehe, usitafute shahidi wa kukufaa. Kumpa afisa wa serikali habari za uongo ni jinai, na uongo mmoja mdogo unaweza kuzamisha dai la haki.

Kamera za CCTV hazisubiri barua. Nyingi hufuta picha za zamani zenyewe, kwa hiyo duka, benki au kituo cha mafuta kilichotazamana na mahali ulipoegesha kifikiwe mapema. Acha ombi la maandishi, na umwambie askari anayechunguza azichukue yeye.

Mpelelezi wa bima naye ana desturi ya kukusikiliza kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza. Usitie sahihi mpaka usomewe neno kwa neno na kosa lirekebishwe hapo hapo. "Niliacha funguo kwa mlinzi" na "niliacha funguo ndani ya gari" ni hukumu mbili tofauti. Kama ulishatia sahihi, omba nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona habari zako zinazoshikiliwa, na si utovu wa adabu kuitaja katika barua yako. Funguo zote mbili pia zitatakiwa. Kama mmoja ulipotea zamani, tafuta lolote linaloonyesha ulipotea lini.

Jina kwenye logbuku huwasumbua wengi mjini hapa, kwa kuwa magari hununuliwa yadi na uhamisho ukaachwa njiani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wako. Leta mkataba wa mauziano, stakabadhi za benki, na ikiwezekana hati ya kiapo ya aliyekuuzia. Waliokodisha gari nao waangalie sana: mikataba mingi hailipi gari lililotoweka mikononi mwa mteja uliyemkabidhi mwenyewe.

Ukijibu barua, jibu kifungu walichotaja, hicho tu. Wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba gari liliibwa na kwamba bima ilikuwa hai siku hiyo. Kampuni inayodai kuna sharti linaloitoa kwenye malipo, nayo ithibitishe. Na maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, mahakama huelekea kuyatafsiri dhidi ya aliyeyaandika. Peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Pengine utapewa nusu ya pesa, ukiwekewa mbele hati ya kusema umeridhika na hudai tena. Gari limepotea, watoto wanatakiwa shule, mkono utakuwa mwepesi. Ipeleke nyumbani kwanza, isomwe na mtu mwingine. Na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki haisimamishi marejesho kwa sababu ya wizi. Zungumza nao mapema, maana huenda malipo yenyewe yaandikwe kwa jina lao.

Kampuni ikishikilia, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, kabla hujafungua kesi. Ambatanisha barua ya kukataliwa, jibu lako na ile karatasi ya saa. Kabla ya mahakama, tazama tena mkataba kwa mambo mawili: kama unakutaka uende kwa msuluhishi kwanza, na kama unakupa miezi 12 tu ya kufungua kesi tangu kukataliwa. Sheria inaruhusu kesi za mkataba ndani ya miaka 6, lakini ukiingia kwa wakili mwezi wa kumi na tatu utaanza kwa kubishania muda badala ya gari. Mahakama ya Madai Madogo ina kikomo cha shilingi milioni 1. Gari la thamani zaidi ya hapo huenda kwa hakimu, na hakimu mkuu anaweza kusikiliza hadi milioni 20.

Gari likipatikana katikati ya mvutano huu, hata likiwa Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, na limeng'olewa redio na magurudumu, usiende kulichukua peke yako. Waarifu polisi na kampuni kwa maandishi siku hiyo hiyo, ulipige picha pale pale lilipo, na lisiguswe na fundi mpaka kampuni ilikague.