Mara ya Kwanza Kuingia Banya: Mwongozo kwa Mtu wa Mombasa

Mwanafunzi wa Mombasa anayekwenda kusoma Urusi, au baharia ambaye meli yake imetia nanga St Petersburg, hachukui muda kabla ya kualikwa banya, yaani bafu la mvuke la Kirusi. Wengi wetu huitika haraka kwa kudhani joto tumelizoea, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mwezi wa Machi, kaskazi ikikatika na upepo ukifa, Mombasa hufika nyuzi 32 au 33. Chumba cha mvuke cha banya, wenyewe wanakiita parilka, kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 60 na 80 na hewa yake imejaa unyevu. Kwenye banya nyingine za umma, karibu na dari, hufika 90. Mle ndani jasho halikupoozi. Mwili wako ndio wenye baridi kuliko kila kitu, basi mvuke unagota kwenye ngozi, unageuka maji, na joto lake lote unaachiwa wewe. Ndiyo maana anayeijua banya hashindani na mtu. Anatoka mapema, anapumzika, anarudi.

Kwanza, kuna watu ambao hawafai kuingia: mwenye homa, mja mzito, mwenye kidonda kibichi, na aliyekunywa pombe. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au kifafa amuulize daktari wake. Kwetu Pwani lazima tuongeze selimundu, kwa sababu iko katika familia nyingi, na kupungukiwa na maji mwilini pamoja na baridi ya ghafla ni mambo mawili yanayojulikana kuamsha maumivu yake. Mwenye selimundu asiingie bila kauli ya daktari, na dimbwi la maji baridi aliepuke kabisa.

Kula chakula chepesi saa mbili kabla. Usiende na njaa, wala usiende umetoka kwenye pilau.

Beba kandambili za mpira (makubadhi ya ngozi yataharibika), taulo, sabuni, maji ya kunywa lita moja na zaidi, na vikoi viwili vya pamba. Kikoi ni bora kuliko shuka wanalokodisha mlangoni: kimoja unakikalia au kukilalia, maana mbao zina moto, na cha pili unajifunga ukitoka. Nguo ya kuogelea ya nailoni haifai, inashika joto na kung'ang'ania ngozi. Vua pete, mkufu, hereni, saa na miwani, na kama msuko wako una shanga za chuma, zitoe. Chuma kikipata moto kinaunguza.

Utahitaji pia kofia nene ya sufu, na mara nyingi inauzwa au kukodishwa hapohapo. Hii usiipuuze. Nyumbani tukijifukiza kwa mwarobaini tunafunika kichwa ili tuunase mvuke; banya kichwa kinafunikwa ili mvuke usikifikie, kwa sababu kiko juu, kwenye joto kali, nacho ndicho cha kwanza kukuletea kizunguzungu. Kofia ya viua haitoshi, kitambaa chake ni chembamba na kimejaa vitundu.

Kuhusu sitara: kwenye banya za umma wanaume wana ukumbi wao na wanawake wao, na humo watu hukaa uchi bila kutazamana. Ukijifunga kikoi hakuna atakayekusumbua. Asiyeridhia kukaa kati ya watu walio uchi akodi chumba cha faragha pamoja na wenziwe. Banya nyingi zina vyumba hivyo, vinalipiwa kwa saa.

Ukishavua nguo, jimwagie maji ya vuguvugu bila sabuni, usiloweshe nywele, kisha jifute ukauke. Usipake mafuta ya aina yoyote. Mafuta ya nazi yanakufanya uteleze juu ya mbao, na mbao zenyewe tayari zina maji.

Ingia, funga mlango mara moja, vaa kofia. Mbao za kukalia zimepangwa kama ngazi na kila ngazi ina joto lake. Mara ya kwanza kaa ngazi ya chini, au ya kati ukiona unaweza, na nafasi ikiwepo lala ili kichwa na miguu viwe kwenye joto moja. Dakika tano zinatosha, hata kama wenyeji wako bado wamelala juu wanaguna kwa raha. Kabla ya kutoka, kaa kitako kama dakika moja, halafu simama polepole. Anayeruka kutoka kulala hadi kusimama damu inamshuka, na sakafu ni ngumu.

Kuna jambo ambalo mwenyeji wako huenda hajawahi kulifikiria. Warusi humwangalia mgeni ngozi: ikiwa nyekundu yenye mabaka meupe, wanajua amezidiwa, wanamtoa. Kwenye ngozi nyeusi alama hizo hazionekani vizuri, kwa hivyo ni juu yako kusema. Ukisikia moyo unapiga kwa kishindo, kichefuchefu, masikio yanavuma, au vipele vya baridi vinakusimama katikati ya joto lile, toka wakati huohuo. Neno la kusema ni "khvatit", yaani basi, imetosha.

Mvuke hutoka kwenye jiko la mawe, na anayelishughulikia kwa kawaida ni mwenyeji au mtu mmoja aliyezoea. Usimwage maji bila kuuliza waliomo. Ukipewa kata, chota maji ya moto, si baridi, kama robo lita au pungufu. Simama ubavuni mwa mlango wa jiko, usisimame mbele yake, kwa kuwa mvuke unaorudi unaweza kukubabua mkono na uso. Tupa maji ndani kabisa, kwenye mawe ya nyuma, kisha subiri kabla ya kata nyingine. Sikiliza. Mawe yakiwa na moto wa kutosha, maji yanalipuka kwa mlio mfupi na huoni kitu. Baada ya sekunde chache joto linakushukia mabegani kutoka darini, laini. Ukisikia maji yanachemka kwa sauti ndefu na ukungu mweupe unajaa chumbani, mawe yamepoa. Kuongeza maji hapo kunaleta mvuke mzito unaokaba pumzi tu. Acha jiko lipate moto upya.

Veniki, kicha cha matawi yenye majani, subiri nayo hadi mzunguko wa pili, yaani ukirudi ndani baada ya kupumzika. Iliyo nyingi ni ya mberioza, mti wa huko wenye gome jeupe. Ya mwaloni ina majani mapana na hudumu zaidi. Ikiwa kavu, iloweshe kwenye maji ya vuguvugu kwanza, halafu kwenye beseni la maji ya moto yasiyochemka, dakika 10 hadi 15. Ukiitoa mapema inachubua. Ukitumia maji yanayochemka au ukiisahau, majani yanapukutika mgongoni mwako. Maji yake yahifadhi ya kusuuzia nywele, ila usiyatupe kwenye mawe, mabaki ya majani yataungua na kunuka.

Usijaribu kujipiga mwenyewe mara ya kwanza. Lala kifudifudi, mtu aanze nyayoni akipanda hadi mabegani na kurudi, kwa kugusa kwa wepesi. Hii si adhabu ya viboko. Mwenye ujuzi anainyanyua veniki karibu na dari, inakusanya mvuke, kisha anaishusha kiunoni na kuikandamiza sekunde mbili tatu, na moto unazama ndani hadi kwenye mfupa. Uso, kifua na nyuma ya magoti haviguswi. Hewa ikikuelemea, omba veniki iliyotoka kwenye maji ya baridi uiweke usoni upumulie humo. Harufu ya majani na ubaridi wake vinakurudishia pumzi.

Kisha maji baridi. Bahari yetu haishuki sana chini ya nyuzi 25, na dimbwi la banya linaweza kuwa na 10. Mwili usioijua baridi hiyo hushtuka, pumzi inakatika na unajikuta unavuta hewa bila kutaka, na ndiyo sababu usirukie wala kupiga mbizi. Mzunguko wa kwanza mwagia maji ya baridi miguu, mikono, halafu mabega. Ukiwa tayari, shuka dimbwini kwa ngazi, kichwa kibaki juu, hesabu hadi kumi, toka.

Pumzika dakika 15 au zaidi kila baada ya mzunguko, umejifunga kikoi kikavu, ukinywa chai. Ukiletewa kvasi, ni kinywaji cha mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) kilichochachuka na kina kileo kidogo. Asiyekigusa aagize morsi, maji ya matunda madogo ya msituni. Mizunguko mitatu inamtosha mgeni, wa pili na wa tatu usizidi dakika saba au nane. Sabuni ni ya mwisho, na mafuta ya nazi ndipo wakati wake.

Ukitoka watakuambia "s lyogkim parom", salamu ya banya, maana yake "kwa mvuke mwepesi". Jibu "spasibo", yaani asante. Wakati wa baridi usikimbilie nje: kaa nusu saa, ukaushe nywele hadi kwenye mizizi, kwani msuko hushika maji muda mrefu na huko nje huweza kuganda. Endelea kunywa maji hadi usiku. Mkojo ukiwa bado wa rangi ya chai, hujayarudisha uliyoyapoteza.