Jinsi ya kukagua kifuko cha atria ya kushoto kwa eko ya umio bila kudanganywa na picha

Kuna kifuko kidogo kinaning'inia pembeni ya atria ya kushoto (chumba cha juu cha moyo upande wa kushoto), wengine wanakiita sikio la moyo. Ni mabaki ya atria ya mtoto akiwa bado tumboni, ndo maana ndani kina misuli ya matuta matuta wakati atria yenyewe ni laini. Kwa mwenye fibrilesheni ya atria (atria inatetemeka ovyo badala ya kukaza vizuri) isiyotokana na ugonjwa wa valvu, kama 90% ya mabonge ya damu ya atria ya kushoto yanakutwa humo, na bonge likichomoka linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo, kiharusi hicho. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kifuani haikioni vizuri, ndo maana tunapitia kwenye umio.

Hatua ya 1. Mgonjwa awe hajala masaa 6, meno ya bandia yatoke, muulize kama anapata shida kumeza. Hapa usilegeze.

Hatua ya 2. Shusha probu (mrija wenye kifaa cha kupigia picha) mpaka katikati ya umio, itafute atria ya kushoto, halafu zungusha pembe: nyuzi 0, 45, 90, 135. Zote nne jamani! Vifuko vingi vina ndewe (vijichumba vya pembeni) mbili au zaidi, na bonge linapenda kujificha kwenye ile ambayo hukuiangalia, sasa we ukiridhika na 45 peke yake umeangalia nusu tu. Punguza kina cha picha ili kifuko kijae kwenye skrini.

Hatua ya 3. Jua majirani. Ukiwa karibu na 45 utaona mshipa wa juu wa mapafu wa kushoto, na kati yake na kifuko kuna kigongo chenye kichwa cha duara kama pamba ya kusafishia masikio. Hicho ni cha kawaida kabisa! Zamani watu walikidhani ni bonge wakawaanzishia wagonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka kikaitwa kigongo cha Coumadin, jina la hiyo dawa. Karibu na mdomo wa kifuko inapita ateri ya sirkamfleksi, moja ya mishipa inayolisha moyo wenyewe, kwa hiyo wanaoziba kifuko kwa kifaa au kwa upasuaji wanaiogopa sana.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi tunateleza. Misuli ya ndani imeshikana na ukuta, inacheza pamoja nao na weupe wake unafanana na wa ukuta. Bonge mara nyingi ni la mviringo, linacheza kivyake, na unaliona kwenye pembe zaidi ya moja. Mi mwenyewe nilishawahi kuandika "bonge" nikiwa mgeni wa kazi, mkubwa wangu akaja akazungusha pembe kutoka 60 hadi 110 na "bonge" langu likanyooka likawa tuta la msuli, nikatamani ardhi ipasuke. Angalia pia mwangwi (picha ya uongo) wa kile kigongo cha Coumadin, unatokea ndani ya kifuko kwa umbali kutoka kwenye probu ulio mara mbili ya ule wa kigongo chenyewe, ukipima tu unaumbuka.

Hatua ya 5. Weka Doppler (kipimo cha spidi ya damu) kama sentimita 1 ndani ya mdomo wa kifuko, pima spidi ya damu inayotoka. Juu ya 40 sm kwa sekunde haina wasiwasi sana, chini ya 20 damu inazubaa na ndo utaona kwenye picha kitu kama moshi kinachozunguka polepole. Moshi mzito unaokaribia uji usiupite haraka, rekebisha geini (ukali wa picha) kidogo uangalie tena, na kama bado una wasiwasi omba dawa ya kung'arisha picha.

Hatua ya 6. Andika ripoti: pembe ulizotumia, spidi, moshi upo au haupo, bonge lipo au halipo. Na kama mgonjwa anaenda kupigwa shoti ya kurudisha mapigo, kumbusha timu kwamba hata kifuko kikiwa kisafi leo, baada ya shoti kinaweza kupigwa na butwaa kisikaze vizuri, bonge likatengenezeka upya wakati kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mapigo yanaonekana mazuri tu, kwa hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda inaendelea angalau wiki 4.