Unaenda Mumbai na unataka kutembea? Zingatia haya kabla hujatoka mlangoni

Wengi wetu Mumbai tunaenda na mgonjwa, halafu ikitokea siku mbili tatu za kusubiri majibu mtu anasema ngoja nikaone mji. Nenda, mji ni mzuri na kukaa gesti unaangalia ukuta hakusaidii mtu, ila jipange kwanza.

Kadi ya homa ya manjano. Ukitokea Kenya au Uganda bila hiyo kadi unaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6, kwa hiyo ikae pamoja na pasipoti, sio kwenye begi kubwa.

Msimu. Novemba mpaka Februari ndio hali ya hewa ya kutembea. Juni mpaka Septemba ni mvua na sio mvua ya mchezo, tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 ndani ya saa 24 mji ukazama. Kama tarehe za hospitali zimeangukia humo basi safari za baharini usizipangie kabisa, bahari ikichafuka boti haziendi.

Hela. Kule mpaka muuza chai analipwa kwa kuskani kwa simu, na wewe bila namba ya simu na benki ya kule huo mfumo utakusumbua. Tembea na rupia taslimu, tena noti ndogo ndogo.

Usafiri. Watu wanafikiri India ni bajaji kila kona. Mumbai ya kusini, huko Colaba, Gateway (penye lile lango kubwa la Gateway of India) na Marine Drive, bajaji haziruhusiwi, utapanda teksi nyeusi na njano, mwambie awashe mita kabla hajaondoa gari. Treni ni rahisi sana lakini asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi usimpandishe mgonjwa, hata mzima anaumia. Na mwanaume usiingie behewa la wanawake, ni faini.

Elephanta, yale mapango ya kisiwani yenye lile sanamu kubwa la Shiva, mungu wa Wahindu, la vichwa vitatu: Jumatatu hufungwa. Boti inaondokea Gateway of India, kama saa moja hivi majini. Tiketi ya mgeni ni rupia 600 wakati Mhindi analipa 40, ndio utaratibu wao usigombane na mtu dirishani. Ukishuka kuna ngazi kama 120, kwa hiyo aliyefanyiwa operesheni juzi abaki. Na boya vaa, usilikalie, Desemba 2024 boti ya kasi ya jeshi la majini iliigonga feri iliyokuwa inaelekea kule na watu zaidi ya 10 wakafa.

Sasa Haji Ali, hapa nisikilize vizuri.

Ni dargah, yaani kaburi la walii, Pir Haji Ali Shah Bukhari, liko kwenye kijisiwa upande wa Worli na unafika kwa miguu kwenye njia iliyojengwa katikati ya bahari. Maji yakijaa njia inazama. Mwaka 2019 nilikuwa na mama mdogo, anatibiwa moyo, akasema lazima akasome dua pale. Mimi ni mtu wa Tanga, mambo ya kujaa na kupwa nimekua nayo, nikajua mwezi ni mpevu na ni bamvua, yaani yale maji makubwa, nikapiga hesabu za kwetu kwamba maji ya bamvua yanajaa alasiri, saa kumi hivi, basi tukienda saa nne asubuhi tunarudi kwa nafasi. Kosa langu ndio hilo. Mumbai maji ya bamvua yanajaa mchana kwenye saa sita saba. Tumeingia, mama kaomba dua, kakaa kapumzika, kutoka naona povu linapita juu ya mawe ya njia na kandambili ya mtu inaelea, mlinzi anapiga filimbi hakuna kutoka. Dawa zake za saa saba ziko gesti juu ya kitanda, nilisema tutawahi. Tumekaa mpaka karibu saa tisa. Uso umembadilika, mikono ya baridi, ananiambia "mwanangu usiogope" na mimi ndiye niliyemleta. Wanawake waliokuwa pale wakamtandikia shali chini, wakampepea na kumpa maji, Kiswahili hawajui na sisi Kihindi hatujui, wakabaki naye hivyo hivyo mpaka njia ikaonekana. Kurudi nako mawe yana utelezi wa mwani nikamshika kiuno hatua kwa hatua. Alipona na sasa yuko nyumbani, lakini zile saa mimi sijazisahau.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku hiyo angalia jedwali la maji la Mumbai kwenye simu, la Mumbai sio la kwenu, na muulize dereva na mlinzi wa getini kabla hujakanyaga ile njia. Alhamisi na Ijumaa ni msongamano mkubwa. Chukua mtandio, viatu utavivua. Wanawake wanaingia mpaka kwenye kaburi, walizuiwa 2012 lakini mahakama kuu ikaamua 2016 waruhusiwe, kwa hiyo mama zetu wasibakie nje kwa kudhani ni haramu.

Dawa za siku nzima ziwe mkobani hata kama mnaenda hapo nje tu kupunga upepo. Maji ya chupa, angalia kizibo kama hakijafunguliwa. Chakula cha barabarani mpe aliye mzima, mgonjwa mwache na wali wake. Jina la hospitali, wodi na dawa anazotumia yaandike kwenye karatasi umwekee mgonjwa mwenyewe mfukoni, usitegemee simu yako, simu inazima chaji na wewe unaweza kupotezana naye hapo Gateway kwenye ule umati wa jioni.