Kuzungumzia Sonona kwa Sanaa za Jamii: Mwongozo kwa Vikundi

Kikundi kinachotaka kuandaa onyesho kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huanza kwa kawaida kwa kutafuta hadithi, waigizaji na mahali pa kuigizia. Mwongozo huu unapendekeza kianze upande wa pili, kwa mtu mmoja atakayebaki nyuma wakati viti vinakusanywa, ajifanye anasaidia kubeba, kisha aseme kwa sauti ya chini kwamba yule mhusika wa kwenye igizo anafanana naye. Onyesho likiwa zuri, mtu huyo atakuja. Ikiwa kikundi hakijui kitamwambia nini, kitampeleka kwa nani, na mhudumu huyo hupatikana siku zipi na kwa gharama gani, basi kitakuwa kimefunua kidonda bila kuwa na cha kukifungia, na ingekuwa heri onyesho liahirishwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya miguu. Nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mwulize ni nani huwapokea wenye matatizo ya afya ya akili, na mwombe mhudumu mmoja, awe muuguzi, mshauri nasaha au daktari, akubali kuusoma mswada, kuhudhuria onyesho, na kukaa baada ya hapo mahali palipotulia ambapo mtu anaweza kumfikia bila kuonwa na hadhira nzima. Kama kuna namba ya simu ya msaada, mwanakikundi aipige yeye kwanza, tena saa za usiku, ili kuhakikisha kwamba inapokewa. Karatasi yenye namba isiyopokewa ina madhara zaidi kuliko kutogawa karatasi kabisa, kwa maana aliyeipiga mara moja bila kujibiwa huenda asijaribu tena.

Maneno ya watu wenyewe

Neno sonona lina undugu na kusononeka, yaani kuumia moyoni kimyakimya, na ni neno zuri. Limezoeleka miongoni mwa wahudumu wa afya na waandishi wa habari, ingawa wengine husema mfadhaiko au unyogovu. Hata hivyo, anayeumwa mara nyingi halitumii hata moja kati ya hayo. Husema moyo umekuwa mzito, mawazo yamemzidi, usingizi umemkimbia, mwili hauna nguvu, au kichwa kinamuuma kila siku na vipimo havionyeshi kitu. Kabla ya kuandika mstari wowote, kaeni na watu wa rika na kazi mbalimbali, mwandike namna wanavyolisema jambo hili, yakiwemo maneno ya kejeli. Mhusika anayetamka "nina sonona" mwanzoni mwa igizo husikika kama bango la hospitali. Jina la kitaalamu lije baadaye, wakati wa mazungumzo, na litolewe na mhudumu wa afya.

Mtunzi, kwa upande wake, anapaswa kuujua ugonjwa wenyewe. Kila mtu hupatwa na huzuni, lakini kinachoitwa sonona ni hali ya huzuni, au ya kukosa hamu na raha katika mambo yaliyokuwa yakifurahisha, inayodumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2. Huambatana na dalili nyingine kama vile kuvurugika kwa usingizi na hamu ya kula, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujilaumu kupita kiasi, kukata tamaa na mawazo ya kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 280 wanaishi nayo, na wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Kipimo cha wiki 2 kinamfaa sana mtunzi wa igizo, kwa sababu jukwaa linaweza kuhesabu siku. Asubuhi ileile inaweza kuigizwa mara nne au tano, na kila mara kitu kimoja kidogo kikawa kimepungua: leo kitanda hakikutandikwa, kesho simu inalia bila kupokewa, keshokutwa mhusika anashika kitana na kukirudisha mezani. Hadhira itaiona hali hiyo ikiingia kabla ya mtu yeyote kuieleza.

Jihadharini na hadithi yenye chanzo kimoja. Igizo likionyesha kwamba mke aliugua kwa sababu mume alimtelekeza, mazungumzo yote yatahamia kumhukumu mume, na ugonjwa utasahauliwa. Sonona hutokana na mchanganyiko wa mambo: yaliyompata mtu maishani, afya ya mwili wake, urithi wa familia, upweke, shida za kipato. Ni vyema hadithi iwe na mhusika ambaye kwa macho ya majirani hana sababu yoyote ya kuhuzunika, na bado anaumwa.

Waliowahi kuishi na hali hii wahusishwe tangu mwanzo wa utunzi, si kuitwa mwishoni kutoa ushuhuda. Wasishinikizwe kuigiza maisha yao wenyewe, na pale simulizi zao zinapotumika, jina, jinsia, kazi na mpangilio wa familia vibadilishwe kiasi kwamba hata jirani asiweze kubahatisha. Ridhaa yao iweze kuondolewa wakati wowote, hata asubuhi ya onyesho, bila wao kudaiwa maelezo.

Igizo shirikishi na swali la nani abadilishwe

Kati ya sanaa zote, igizo shirikishi ndilo ninaloliamini zaidi kwa kazi hii. Mbinu yake ilikuzwa na Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia kutoka Brazili aliyefariki mwaka 2009. Waigizaji huonyesha hadithi fupi, ya dakika 15 hadi 20, inayokwama mahali pabaya. Kisha hadithi hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kuisimamisha, akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine, huku waigizaji waliobaki wakimjibu kama wahusika wao wangemjibu. Mwezeshaji husimama kati ya jukwaa na hadhira, huuliza, husikiliza, wala hatoi hotuba.

Boal alikusudia mtazamaji achukue nafasi ya anayeonewa. Kwa suala la sonona, napendekeza mwende kinyume naye. Mkiruhusu watazamaji wachukue nafasi ya mgonjwa, watu wenye afya njema watapanda mmoja baada ya mwingine, wataamka kitandani kwa nguvu, watafungua dirisha, watatabasamu, nao ukumbi utaondoka ukiamini kwamba aliyelala amekosa bidii tu. Nafasi zinazopaswa kubadilishwa ni za wanaomzunguka: mzazi, mwenzi, rafiki, msimamizi wa kazi, kiongozi wa dini. Swali liwe, wewe ungekuwa rafiki huyu, ungeingiaje chumbani, na ungesema nini kwanza?

Majibu ya kwanza yatakuwa mabaya, na hilo ni jambo la kufurahia. Mtu atapanda na kusema "jikaze". Mwingine atataja wanaoteseka zaidi. Mwingine atamwambia aombe tu. Mwezeshaji asiwakosoe. Amgeukie mwigizaji wa nafasi ya mgonjwa na kumwuliza, akiwa bado ndani ya uhusika, "Umesikia nini hapo?" Jibu lake, kwa mfano "Nimesikia kwamba nawachosha", hufanya kazi ambayo mhadhara wa saa nzima hauwezi kuifanya. Kuhusu maombi, msiyapinge. Igizo linaweza kuonyesha kiongozi wa dini anayeomba pamoja na mgonjwa kisha akamsindikiza kituoni. Kicheko nacho kitakuwepo, na hakina ubaya maadamu kinamwangukia msaidizi anayebabaika na si anayeumwa.

Mwigizaji wa nafasi hiyo ngumu anahitaji ulinzi. Asiibebe katika kila onyesho; wapokezane wawili au watatu. Baada ya kila onyesho avue vazi la uhusika, ataje jina lake halisi kwa sauti, na kikundi kikae pamoja kabla ya kutawanyika.

Panapogusa kujiua

Hapa hakuna uhuru wa kisanaa. Msionyeshe wala kutaja njia iliyotumika au mahali palipotumika, msisome barua ya kuaga, na msikifanye kifo kuwa kilele cha hadithi au jibu la matatizo ya mhusika, kwa maana maonyesho ya namna hiyo yanaweza kumsukuma aliye hatarini. Msiseme mtu "alifanikiwa" kujiua. Kinachofaa kuonyeshwa ni mtu anayeuliza waziwazi, "Je, umefikia kuwaza kujiua?", kisha akabaki hapo, akasikiliza, na hakumwacha mwenzake peke yake hadi msaada ulipopatikana. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii, na mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba kwa siri.

Sanaa nyingine zina nafasi yake. Ngonjera inafaa kwa kuwa imejengwa juu ya mabishano ya sauti mbili. Wimbo ubebe agizo moja tu katika kiitikio. Mchoro wa ukutani hudumu, kwa hiyo uandikwe jina la kituo badala ya namba ya simu inayoweza kubadilika.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, yaliyoonyesha kuwa sanaa ina mchango katika kukinga na kutibu. Msiyatumie kudai kwamba onyesho lenu linatibu. Kuimba katika kwaya kila wiki ni mradi mmoja. Kuelimisha umma kwa igizo la jioni moja ni mradi mwingine.

Kuhusu tarehe, vikundi vingi huvutiwa na 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Siku hiyo wahudumu mnaowahitaji huenda wakawa na shughuli nyingine, na viti vya mbele vikajaa wageni rasmi. Jioni ya kawaida inafaa zaidi.

Baada ya onyesho, msitosheke na kuhesabu vichwa. Hesabuni waliokwenda kwa mhudumu mahali palipotulia, na baada ya mwezi mwulize kituo, bila kutaja majina, ni wangapi walifika. Kisha rudini kwa watu walewale na mwendelezo wa hadithi ileile. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha nafuu, na wengi huziacha katika kipindi hicho. Kwa hiyo onyesho la pili lifunguliwe na mhusika aliye katika wiki ya pili ya matibabu, ameketi kitandani, akimwambia rafiki yake kwamba haoni mabadiliko yoyote na anataka kuacha, na hapo mwezeshaji asimamishe igizo na kuiuliza hadhira rafiki huyo afanye nini.